Kamera ya Bonasi

Jumamosi moja ya Novemba nilisimama mbele ya kaunta ya duka dogo katikati ya Nairobi, ghorofa ya pili, kule ambako ukipanda ngazi unakutana na mafundi wa simu kwanza, halafu wauza chaja, halafu ndio kamera. Muuzaji aliweka mbili juu ya kioo. Kushoto Nikon D3100, kulia Canon 1200D. Zote mtumba kutoka Uingereza, zote na lenzi yake ya 18-55, na bei yake ilikuwa inapishana kwa elfu moja tu.

"Buda, hizi ni kitu moja," akasema. "Wewe chagua jina."

Nilikuwa na shilingi 28,000 kwenye simu, na pesa hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa za bonasi ya majani chai ya mama. Ukikulia Konoin, kule Bomet, unajua Oktoba ni nini. Ndio mwezi kiwanda kinawalipa wakulima wadogo malipo ya mwisho ya mwaka, na kila mwenye deni ama anajificha ama anajitokeza, kutegemea nani anamdai nani. Mama alilipa dukani, akalipa karo ya mdogo wangu, akanunua mabati sita, halafu akanitumia kilichobaki na ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na nne: "Hiyo si ya kuchezea. Nataka picha ya Kogo. Picha ya maana, si hizi zenu za simu."

Kogo ni nyanya. Ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita. Huyu ni mama yake mama. Amechuma chai tangu akiwa msichana, kwanza kwenye shamba kubwa la kampuni, baadaye kwenye shamba lake mwenyewe la nusu ekari. Nguvu zinamwisha, na mama ameanza kuhesabu miezi bila kusema anahesabu nini. Katika maisha yake yote Kogo ana picha moja tu: ile ya kitambulisho.

Nikamwomba muuzaji saa moja. Nikashuka barabarani, nikanunua chai ya kikombe cha karatasi, nikaegemea ukuta. Nilidhani ninafikiria megapikseli. Kumbe swali la nani anunue kamera gani, kwetu kule, lilianza kabla mama yangu hajazaliwa.

Waliotangulia kushika kamera

Kamera ya anayeanza ni kongwe kuliko chai ya Kericho. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman aliuza Kodak ya kwanza, sanduku lililokuja na filamu tayari ndani; ukimaliza kupiga unairudisha yote kiwandani, wao wanaosha picha na kukuwekea filamu mpya. Mwaka 1900 akatoa Brownie kwa dola moja, na akailenga hasa kwa watoto. Wazo lile la kwamba hata asiyejua kitu anaweza kupiga picha, ambalo leo tunaliona kwenye boksi la kila DSLR ya bei ya chini, lilianzia hapo.

Chai ilichelewa kidogo. Kenya ilipandwa mara ya kwanza Limuru, 1903, na kwa miaka mingi ikawa kama maua ya bustani tu. Kericho ilianza na kitu kingine kabisa. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis, ikawapa maafisa Waingereza waliolemazwa na Vita vya Kwanza vya Dunia ili walime kitani. Mpango huo uliitwa BEADOC. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa mapema miaka ya 1920, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya muongo huohuo Brooke Bond na James Finlay wakaingia, na vilima vikaanza kugeuka kijani kile ambacho leo watu husimamisha gari ili wakipige picha. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalum ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Mamia waliswagwa hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria.

Sasa sikia hii. Mwaka 1926, miche ya chai ikiwa bado michanga Kericho, George Eastman mwenyewe alikuja safari Kenya, akiwa na Martin na Osa Johnson, wale mume na mke waliokuwa mabingwa wa filamu za wanyama. Bwana mwenye Kodak alikuja kuwinda na kupigwa picha na simba aliowaua. Ndio mpangilio wa mambo ulivyokuwa: kamera ilikuja ikiwa mkononi mwa mgeni, na mwenyeji alikuwa sehemu ya mandhari.

Mandhari hayo hayajabadilika sana. Tazama picha ya chai yoyote, ya kalenda, ya mkebe, ya tovuti. Mwanamke amesimama kiunoni katikati ya kijani. Kikapu mgongoni, leso kichwani, anatabasamu. Chini hakuna jina. Kuanzia 1954 Brooke Bond ilikuwa inatia kadi ndogo za picha kwenye pakiti za chai Uingereza, na watoto wakazikusanya kwa mamilioni. Ninazozijua mimi ni za ndege, maua na wanyama wa Afrika, kila mmoja na jina lake kamili. Hata swala ana jina. Kogo, ambaye huenda majani yake yaliingia kwenye pakiti hizo baadaye, alijulikana kwa nambari ya kikapu.

Simaanishi kwamba hakukuwa na Waafrika au Waasia wa Afrika Mashariki wenye kamera. Walikuwapo, tena mabingwa. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu wa Mji Mkongwe wakawa wanakwenda kujipiga kwa hiari yao, wamevaa wanavyotaka. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa 1943, alianza na Box Brownie ya mtumba akiwa mwanafunzi Dar es Salaam. Mkono huohuo ndio uliokuja kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Ukijiuliza kama kamera ya mtumba inaweza kumfikisha mtu mahali, jibu ni huyo. Lakini hiyo ni miji. Mashamba ya chai hayakuwa na studio. Yalikuwa na laini za nyumba za wafanyakazi, mizani, na nyapara.

Picha ya serikali

Kabla ya picha kulikuwa na kidole. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, na baada ya vita ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi abebe karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na historia ya kazi yake. Karatasi ilikaa kwenye kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mfanyakazi wa chai aliyetoroka shamba angeweza kusakwa kwa kipande hicho. Wanawake hawakuandikishwa. Kwa serikali walikuwa wake za mtu au mabinti za mtu.

Hali hiyo ilidumu hata baada ya uhuru. Ni mwaka 1978 ndipo sheria ya usajili ilipobadilishwa ili wanawake nao wapate vitambulisho, na kadi mpya zikaanza kutolewa 1980. Kwa wanawake wengi wa rika la Kogo, hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuketi mbele ya kamera.

Anakumbuka vizuri. Kambi ya chifu, benchi, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Aliambiwa avue leso. Aliambiwa asicheke. "Hata sikuwa nataka kucheka," aliniambia. Miaka ya 1990 vitambulisho vilipobadilishwa alirudisha kile cha zamani, na picha yake ya kwanza ikaenda nacho. Aliyobaki nayo ni ya pili. Ukiitazama unaona shuka jeupe sana, na mbele yake umbo jeusi lenye weupe wa macho. Uso haumo.

Hilo si bahati mbaya, na ni muhimu kwa yeyote anayetaka kununua kamera leo. Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga na kujaribu kuufanya wote uwe wa wastani. Ikiona shuka jeupe inadhani kuna mwanga mwingi mno, inaupunguza, na aliye mbele ya shuka anazama gizani. Filamu nayo haikutusaidia. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zikaitwa Shirley. Malalamiko yaliyoisukuma kampuni irekebishe filamu zake, inasimuliwa, yalitoka zaidi kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, ambao bidhaa zao za kahawia zilikuwa zinatoka vibaya kwenye matangazo. Chokoleti ilisikika kabla yetu.

Na kulikuwa na mahali ambapo kamera ilikuwa silaha kabisa. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mashine za kampuni yao zilikuwa zinatumika kutengeneza pasi za makaburu Afrika Kusini. Wakaanzisha mgomo. Polaroid ilijitoa huko 1977. Kipande chetu na pasi ya kwao ni ndugu wa tumbo moja.

Mzee wa Picha

Lakini mimi nililelewa na kamera nyingine. Kijijini kulikuwa na mwanamume tuliyemwita Mzee wa Picha. Alikuwa na baiskeli, mkoba wa ngozi, na kamera nzito ya Kirusi, Zenit-E. Aliinunua kwa mwalimu mmoja aliyesoma Moscow miaka ya 1960, zama zile vijana wa Kenya walipokuwa wanagawanywa kati ya ndege za Marekani na zile za Urusi. Nikiwa na miaka minane hivi nilikuwa ninambebea mkoba Jumapili, na malipo yangu yalikuwa mandazi.

Siku yake kubwa ilikuwa siku ya mshahara kwenye mashamba. Alifika laini mapema, akachagua ukuta ulio kivulini, akatundika kitambaa cha maua. Alikuwa na vifaa: redio isiyofanya kazi, saa ya mkono, koti la suti la kuazimisha, maua ya plastiki. Watu walipanga foleni. Filamu ina picha 36, na kila picha ni pesa, kwa hivyo kila mtu alipigwa mara moja tu. Ukifumba macho, umefumba. Unalipa nusu, yeye anapeleka filamu ikaoshwe Kericho mjini, anarudi baada ya wiki mbili au tatu, unamalizia nusu na kuchukua picha yako.

Zenit ilimfaa kwa sababu haikujua betri. Kipimo chake cha mwanga kilikuwa cha seleniamu, kinachojiendesha kwa mwanga wenyewe, kama kisola cha kikokotoo. Spidi zake zilianzia sehemu ya 30 ya sekunde hadi ya 500, basi. Hata hicho kipimo, mzee hakukiamini. "Kinaangalia shuka," alikuwa anasema. "Mimi naangalia mtu." Kisha anafungua lenzi hatua moja zaidi, na nyuso za watu zinatoka. Miaka mingi baadaye nilikuta kitufe cha kazi hiyohiyo kwenye DSLR, alama ya kujumlisha na kutoa, na vijana wakifundishana mtandaoni kama kwamba ni siri.

Siri yake ya pili ilikuwa mfuko wa picha zisizochukuliwa. Wafanyakazi wa chai walihama; mwingine alifukuzwa, mwingine akarudi kwao Kisii au Luo Nyanza kabla picha hazijarudi. Nusu ya pili haikulipwa. Mzee hakuzitupa. Mara ya mwisho nilipomtembelea alizimwaga mezani: mamia ya watu wameshika redio ileile. Nilitafuta Kogo kwa saa nzima. Hayumo.

Nikamuuliza Kogo kwa nini. Laini yao ilikuwa hatua chache tu kutoka ule ukuta. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini hakununua ndege. "Foleni nilikuwa naiona," akasema. "Lakini picha moja ilikuwa daftari na kalamu za mama yako."

Mzee aliacha kazi simu zenye kamera zilipoenea. Hakulalamika sana. Alinipa lenzi ya Zenit, Helios-44 ya milimita 58, ndani ya mkebe wa Kimbo, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa ili unyevu usiingie. Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu kila alasiri, na lenzi ikikaa vibaya inaota kuvu ndani ya kioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Mkebe ule ulikaa chini ya kitanda changu Nairobi miaka sita.

Kioo kinachoruka

DSLR, ukiondoa tarakimu, ni Zenit. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo kilicholala kwa pembe, unapanda juu hadi kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinaruka, pazia la shata linafunguka, mwanga unafika nyuma. Ule mlio wa klak ni kioo. Tofauti ni kwamba nyuma, mahali pa filamu, kuna sensa.

Sensa ilichukua muda. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya kwanza ya dijitali: kilo 3.6, megapikseli 0.01, ikihifadhi picha kwenye kaseti kwa sekunde 23. Mwaka 1991 Kodak iliuza DCS, mwili wa Nikon F3 ukiwa umefungwa sensa ya megapikseli 1.3, huku mpiga picha akibeba begani sanduku la kuhifadhia. Bei ilikuwa ya gari. Mlango wa watu wa kawaida ulifunguka 2003, Canon ilipotoa EOS 300D, DSLR ya kwanza kushuka chini ya dola 1,000. Mwaka uliofuata Nikon ikajibu na D70. Tangu hapo kampuni hizo mbili zimekuwa zikitoa kamera za wanaoanza kila baada ya mwaka au miwili, kama vile viwanda vinavyotoa chai ya daraja la pili: ileile, kwa kifungashio kipya. Na Kodak, waliobuni mambo yote haya? Januari 2012 waliomba kinga ya kufilisika.

Kwa hivyo nilichokuwa nacho juu ya kaunta kilikuwa historia ya punguzo. D3100 ilitoka 2010: megapikseli 14.2, nukta 11 za kufokasi, na hali moja inayomwelekeza mgeni hatua kwa hatua. 1200D ilitoka 2014: megapikseli 18, nukta 9. Betri za zote mbili, kwa vipimo vya kiwandani, zinapiga picha kama 500 au kupita kidogo. Zote zinachukua video. Ukichapisha picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 hutatofautisha ipi imepigwa na ipi. Muuzaji hakunidanganya: ni kitu moja.

Tofauti inayofaa kumsumbua anayeanza iko mbele, kwenye shingo ambapo lenzi inafungwa. Ukinunua mwili unajiunga na ukoo. Nikon imeshikilia shingo yake ya F tangu 1959, jambo la heshima, lakini miili yake midogo kama D3100 haina mota ya kufokasi, kwa hivyo lenzi za zamani za AF unazokuta kwa bei nzuri zitakaa humo na utazungusha kwa mkono. Canon nayo mwaka 1987 iliwaacha wateja wake wa lenzi za FD kwenye mataa, ikaanza shingo mpya, EF, yenye mota ndani ya kila lenzi. Uliyemsaliti jana leo humkumbuki. Lenzi yoyote ya EF ya 1987 inafokasi yenyewe kwenye 1200D.

Mambo mengine ni ya ukaguzi tu, na haya nayasema kwa yeyote atakayepanda ngazi kama zile. Uliza kamera imebonyezwa mara ngapi. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha. Canon za bei hii utahitaji programu ya kuisoma. Toa lenzi, mulika tochi ya simu kwa nyuma, tafuta kuvu. Piga picha ya ukuta mweupe, ikuze, tafuta madoa ya sensa. Funga na ufungue mlango wa kadi na wa betri, kwa sababu ndio huvunjika kwanza. Na bakiza pesa ya betri ya pili. Mimi sikubakiza.

Milimita moja

Chai ikiwa imepoa nikampigia Mzee wa Picha.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising, kijana wangu. Uko Nairobi bado?"

Nikamweleza. Alisikiliza megapikseli zote, akakohoa. "Hayo yote ni mwili. Mimi nakuuliza jicho. Ile lenzi yangu itaingia kwa gani?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata sekunde moja. Nikakata simu, nikasoma palepale ukutani.

Helios-44 ina shingo ya kukunja iitwayo M42. Nasaba yake ni ya vita: muundo wa kioo chake ulitokana na Biotar ya Zeiss, kiwanda cha Jena, Ujerumani, na Wasovieti waliuchukua baada ya 1945 kama sehemu ya fidia. Ili lenzi ya M42 ione mbali, lazima ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu au sensa. Kwenye Canon umbali huo ni milimita 44. Imebaki nafasi ya milimita moja na kitu, ndiyo unene wa adapta ya chuma, duara la mia kadhaa shilingi. Kwenye Nikon umbali ni 46.5. Tayari umepitiliza. Lenzi itafungika ukiwa na adapta, lakini vilima vya mbali vitabaki ukungu, na D3100 haitakupimia mwanga kwa lenzi ya namna hiyo.

Milimita moja. Kama sikuwa na mkebe wa Kimbo chini ya kitanda ningechukua Nikon bila kujuta, kwa ile hali yake ya kumshika mgeni mkono. Usisome haya ukadhani Canon imeshinda. Kamera bora kwa anayeanza ni ile inayoungana na kitu alicho nacho tayari: lenzi ya mzee, rafiki wa kuazimana naye, fundi wa karibu.

Nikapanda ngazi. "Canon," nikasema. Muuzaji akacheka: "Si nilikuambia ni jina tu?"

Kogo

Nilifika nyumbani Desemba. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya chai hadi kiunoni, mwanga ule laini ambao wapiga picha huja kuufuata kutoka mbali. Nikamwambia Kogo tuteremke shambani, asimame katikati ya majani na kikapu. Nilikuwa nimeiona picha hiyo kichwani tangu Nairobi.

Akakataa. "Hiyo ni picha ya kazi," akasema. "Mimi sasa sifanyi kazi."

Nikanyamaza. Nimeandika hapa kurasa kuhusu wageni waliompiga mwanamke wa chai bila jina, na nilikuwa nimebeba lenzi ya Kirusi na pesa ya mama kwenda kurudia picha ileile. Hata kikapu nilikuwa nimekitoa stoo.

Alichagua mwenyewe. Kiti cha sebuleni kikatolewa nje, kikawekwa mbele ya ukuta wa udongo, si wa bati, bati linang'aa. Akavaa gauni la bluu na shanga. Leso akaitoa, akaifikiria, akairudisha. Mama alisimama kando akimnyoosha kola. Chai haikuonekana popote, ila harufu.

Helios haifokasi yenyewe. Unazungusha pete huku unakodoa macho kwenye kijidirisha kidogo cha 1200D, na ukiwa umeifungua hadi f/2 ukanda ulio wazi ni mwembamba kama ukucha. Nikafungua hatua moja zaidi ya kipimo, kama nilivyofundishwa. Klak. "Bado?" akauliza. Klak. "Bado?" Baada ya picha ishirini akasimama. Betri nayo ikakata.

Kwenye nyingi nilikosea fokasi. Ile iliyotoka vizuri imekosea pia kidogo: macho yako laini, na palipo wazi kabisa, kila mkunjo, ni sikio la kushoto, ndewe ndefu iliyotobolewa na kuvutwa zamani, kabla ya shamba la kampuni, kabla ya kipande cha nani. Niliona haya kuionyesha. Niliichapisha Kericho hata hivyo, nakala tano, na nyuma ya kila moja nikaandika kwa kalamu jina lake kamili na tarehe.

Kogo aliishika mbali na uso, halafu karibu. Akagusa sikio kwenye karatasi. Akaenda kwenye kabati, akatoa mfuko wa plastiki wenye kitambulisho, kadi ya kliniki na risiti za chai, akatia picha humo.

Halafu akauliza kama ile foleni ya siku zile bado ipo, kwa sababu kuna rafiki yake mmoja wa laini, wako pamoja kanisani, na yeye pia hana. Nikamwambia foleni ipo. Nilikuwa nachaji betri.